Alidaka, Hakudaka

Saa kumi kasoro, Isevya imelala,
isipokuwa kibanda cha Kashindye,
ambako dishi, kwa sababu ambazo hata lenyewe halizijui,
limenasa mpira wa Wamarekani.
Tuko wanne na kahawa ya tangawizi:
makuli wawili wa ghala la asali,
mlinzi wa benki aliyetoka lindo,
na mimi, karani wa mizani.
Tunasubiri lori la Sikonge.

Mpira wenyewe una ncha mbili, kama kiazi kitamu.
Mtu mmoja mwenye kofia ngumu
karuka, kaupata hewani kwa vidole,
mguu wa kulia ukagusa ndani ya chokaa,
wa kushoto – hapo sasa.
Akaanguka. Mpira ukacheza kifuani,
ukabusu nyasi, au haukubusu.

"Kadaka!" Luhende yuko juu ya benchi.
"Mikono miwili! Mnataka aushike na meno?"

Nikasema hakudaka.
Kushika si kudaka, nikasema, na kugusa si kushika;
kuna kunyaka, kuna kupokea, kuna kuponyokwa,
Kiswahili hakikutunga maneno yote hayo kwa mapambo.
Mlinzi akasema nyasi ndizo shahidi.
Kashindye akasema yeye anajua jambo moja tu,
kwamba kahawa haijalipwa.

Marudio. Marudio ya marudio.
Waamuzi, na mashati yao ya milia kama magodoro ya zamani,
wamekusanyika kana kwamba wanagawa mirathi.
Kiatu kimekuzwa mpaka kimejaza kioo
na bado hakionekani kilipotua.
Kadiri picha inavyopunguzwa mwendo
ndivyo ukweli unavyochelewa kufika,
kama treni ya Mpanda.
Hatimaye: hakudaka.
Luhende alitema mate nje ya mlango.
"Sheria ya wivu hiyo. Mkono ukishafunga, chako."

Saa mbili asubuhi, lori.
Mihayo yuko juu, anashusha ndoo za lita ishirini,
Luhende yuko chini, usingizi machoni.
Ndoo ya arobaini na moja ilitoka mikononi mwa huyu
ikaingia mikononi mwa yule
(nadhani iliingia),
mguu mmoja sakafuni, mwingine bado kwenye ngazi,
na mshikio ukakatika, au kiganja kikateleza.
Asali ya miombo haina haraka.
Ilimwagika taratibu, tukaitazama kama marudio,
ila hii haikuwa nayo.

Tajiri, Bwana Ntinginya, hakupandisha sauti.
"Andika," aliniambia.
Daftari langu lina safu mbili tu:
Imepokelewa.
Imeharibika kabla ya kupokelewa.
Ya kwanza hukatwa kwenye mshahara wa mpokeaji.
Ya pili hubebwa na ghala.
Mihayo aliapa kwamba alikuwa ameshaachia.
Luhende hakusema kitu.
Kauli yake ya alfajiri
ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa mgebuka.

Nyuki walianza kufika, wawili, kisha ishirini,
kudai mali yao.
Nikahesabu. Mikono miwili, ndiyo.
Mguu mmoja. Wa pili haujatua.
Hatua ya tatu, hakuna.
Nikaandika kwenye safu ya pili
na kupiga mstari chini yake, kwa rula.
Tajiri alisoma, akanitazama, akasoma tena.
Mimi nikatazama mizani.

Jioni nilimkuta Luhende bombani, anasugua viwiko.
Hakunishukuru. Alibandua nta kidoleni,
akaiviringisha ikawa duara,
akaivuta ikawa na ncha mbili,
akasema bila kuniangalia:
"Lakini yule jamaa alidaka."